Pwani yetu ilikaa zaidi ya miaka elfu bila mnara wa taa. Kwa nini?

#1 Ngara_Kijiweni
Salamu wadau. Nina swali ambalo sijaona likijadiliwa kwa lugha yetu.

Kila nikishuka Mombasa na treni ya SGR lazima nifike ufukwe wa Mama Ngina, ninunue muhogo na dafu, kisha nitazame ule mnara wa taa wa Ras Serani. Watu wa Mombasa mahali pale wanapaita Lighthouse tu, ukimwambia wa tuktuk hivyo anakufikisha. Sasa fikirieni. Pwani hii imepokea vyombo tangu zamani sana. Periplus, ule mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1, unaitaja Azania na bandari ya Rhapta. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe. Msafiri Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 akielekea Kilwa. Ilhali minara yote ya taa ninayoifahamu, kutoka Lamu hadi Mtwara, ni ya nusu ya pili ya karne ya 19 na kuendelea: wa Sultani Barghash pale Unguja, wa Nungwi, wa Chumbe wa mwaka 1904, na ile ya Wajerumani upande wa Tanganyika.

Na si kwamba kitu chenyewe hakikujulikana. Alexandria walijenga wao karibu mwaka 280 KK, urefu wake ukapita mita 100, yaani kama jumba letu la KICC hapa Nairobi likiwa imekokwa moto juu ya paa. Ibn Battuta huyo huyo aliuona mwaka 1326 umeharibika upande mmoja, na aliporudi 1349 akakuta gofu lisiloingilika.

Dai langu: hapa kwetu haukuhitajika. Anayetaka kusema babu zetu hawakuwa na uwezo wa kuujenga, akatazame kwanza lile jumba la Husuni Kubwa la Kilwa kisha arudi.

#2 Rongai_Stage_ya_Mwisho
Jibu fupi: hakuna aliyekuwa akiingia bandarini usiku. Taa ya nini?

#3 MpwaWaNahodha
Wa Rongai amesema kweli ila ameikatisha mno, wacha niiongeze nyama. Mimi ni mtu wa Lamu, naishi South B. Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi la mizigo kati ya Lamu na Mombasa, na nilipokuwa kijana nilipanda naye.

Mlango wa mwamba, yaani pengo la kupitia kwenye miamba ya matumbawe, hauingiliwi kwa kubahatisha. Nahodha anataka jua liwe juu na liwe nyuma yake ili aone rangi ya maji: buluu iliyokolea ni kina, kijani ni mchanga, kahawia ni mwamba wenyewe. Jua likiwa usoni maji yanakuwa kioo, huoni kitu. Tukichelewa, ami alikuwa anateremsha tanga na kukaa mbali nje mpaka kupambazuke, hata kama mnasikia adhana ya mjini. Hakuna aliyelalamika. Shehena ya boriti haiozi kwa usiku mmoja.

Na alama zake zilikuwa za mchana. Pale Shela kuna msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829, mnara wake ni kama pia iliyosimamishwa, mweupe, unaonekana kutoka mbali baharini. Ami alikuwa akiupandanisha na kilima cha mchanga kilicho nyuma. Vikipandana, yuko kwenye njia. Vikiachana, anajua amevutwa na mkondo upande gani. Hiyo ndiyo taa yake.

#4 Chokaa_na_Boriti
Asante MpwaWaNahodha, umenifungulia mlango.

Nasomea usanifu majengo hapa Nairobi na nimekuwa nikifuatilia nguzo za makaburi za pwani. Malindi zipo, Mambrui ipo iliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Halafu kuna nguzo ya Mbaraki pale Mombasa, karibu na bandari ya Kilindini: imejengwa kwa matumbawe, wazi ndani, ndefu takriban mita 14, imeinama kidogo, na ubavuni mwake palikuwa na msikiti wa karne ya 15. Wapo wanaosema ilikuwa alama ya vyombo vinavyoingia Kilindini, wapo wanaosema ni nyumba ya pepo watu walikokwenda kuombea mvua. Kwangu mimi haidhuru ilijengwa kwa nia gani. Kitu kirefu cheupe kando ya maji ni alama kwa kila anayepita, apende asipende aliyekijenga.

Kwa hiyo sikubali kwamba hatukuwa na minara. Tulikuwa nayo, haikuwa na taa.

Na msisahau nguzo ya Vasco da Gama Malindi, ya 1498, ambayo mabaharia waliitumia hivyo hivyo.

#5 Eastleigh_Mtaa_wa_Saba
Chokaa, ya Vasco isahihishe kidogo. Kilicho cha Wareno wa mwanzo ni ule msalaba wa juu, wa mawe ya chokaa yaliyoletwa kutoka Lisbon. Hiyo pia ya matumbawe inayoubeba ilijengwa baadaye. Na msalaba haukuwekwa kwanza pale kwenye rasi, uliwekwa mjini karibu na makao ya Sultani wa Malindi, ukaja kuhamishiwa baharini. Kwa hiyo kusudi la kwanza lilikuwa kujitangaza, si kumwongoza mtu.

#6 Chokaa_na_Boriti
Sawa, lakini mbona ulipohamishwa haukupelekwa mahali pengine popote isipokuwa ncha ya rasi, mahali ambapo kila chombo kinauona? Hapo hoja yangu ndipo inaposimama.

#7 NyotaYaUsiku
Mnazungumzia alama za nchi kavu na kusahau mbingu. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na kamal, kibao kidogo chenye uzi uliofungwa mafundo. Unauma uzi kwa meno, unakinyoosha kibao mpaka ukingo wake wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse Nyota ya Kaskazini. Fundo lililo kwenye meno linakwambia uko latitudo ya bandari gani. Mwenye kifaa kama hicho anajua amefika Mombasa bila mtu kumwashia taa.

#8 MpwaWaNahodha
Dada Nyota, kamal naiheshimu, lakini Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya Ikweta. Nyota ya Kaskazini huku haionekani. Kwetu walitazama Kilimia, Suheli na zile nne za msalaba wa kusini. Na jambo lingine: nyota zinakwambia mji uko usawa upi, hazikwambii mwamba uko hatua ngapi mbele yako.

#9 NyotaYaUsiku
Kamal inapima nyota yoyote, si ile moja tu. Suheli ukiifahamu saa zake inafanya kazi ile ile. Ila hilo la mwamba ni kweli kabisa, ndiyo maana namuunga mkono Rongai: nyota zinakuleta mpaka nje ya mwamba, jua linakuingiza ndani.

#10 Mzee_wa_Gati
Vijana, hamjambo. Nimestaafu kazi ya bandari, sasa napumzika Buruburu, na jambo hili nimelifanyia kazi kwa mikono yangu. Mnaeleza vizuri kwa nini jahazi halikuhitaji taa. Elezeni sasa kwa nini ghafla zikahitajika.

Jibu ni meli za moshi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869. Mwaka 1872 kampuni ya British India ikaanza kuleta meli za barua kutoka Aden hadi Zanzibar. Jahazi linafuata pepo za kaskazi na kusi, linaweza kusubiri. Meli ya barua ina ratiba, inachoma makaa ya mawe hata ikiwa imesimama, ina abiria na ina bima. Kila usiku inaokaa nje ni fedha. Tena ni ndefu, inazama chini sana majini, haigeuki upesi. Mtepe, chombo chetu cha kale, ukikwama hukaa upande ukangoja maji yajae, maana mbao zake zimeshonwa kwa kamba, zinanyumbuka. Meli ya chuma ikikaa juu ya matumbawe wakati wa bamvua, yaani maji makuu, maji yanaondoka karibu mita 4 chini yake na uzito wake unaivunja.

Na kuna jambo la pwani yetu wengi hawalijui. Kwingine nahodha akikaribia nchi usiku hushusha bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina, akaona kina kinapungua polepole, akajua asimame. Kwetu mwamba uko karibu na nchi na ukitoka nje yake kina kinaporomoka haraka. Bildi inakwambia hakuna sakafu, hakuna sakafu, halafu umekwama. Kwenye pwani ya namna hiyo, mgeni mwenye haraka anahitaji taa.

Ras Serani sasa. Ngara anasema mnara, lakini anayeingia na meli hatazami mnara mmoja. Pale kuna taa za mstari, ya mbele iko chini na ya nyuma iko juu. Ukiziona zimesimama moja juu ya nyingine uko katikati ya mlango. Ya juu ikihamia kulia, nawe umehamia kulia, rudi kushoto. Ni kile kile alichofanya ami yake Mpwa kwa msikiti na mchanga, ila kimewashwa. Kisha kuna maboya: kwa mpango wa kimataifa wa mwaka 1980 sisi tuko Kanda A, ukiingia bandarini jekundu liko mkono wa kushoto, kijani kulia. Marekani ni kinyume. Nimeona maofisa wageni wakikaza macho pale mlangoni kwa sababu ya hilo.

#11 Rongai_Stage_ya_Mwisho
Shikamoo mzee. Hii ya bildi haijawahi kunifikia masikioni. Je, mnara wa kawaida unaonekana umbali gani? Kuna kanuni?

#12 Mzee_wa_Gati
Marahaba mwanangu. Ipo. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa taa kwa mita, zidisha kwa 2.08, unapata maili za baharini mpaka kwenye upeo. Taa ya mita 30 inakupa kama maili 11.4. Kisha ongeza za mtazamaji mwenyewe kwa kanuni hiyo hiyo: akisimama mita 4 juu ya maji anaongeza 4.2. Jumla 15.6, karibu kilomita 29. Dunia ni duara, hata taa kali namna gani haipindi. Ndiyo sababu minara mirefu ikajengwa kwenye nchi tambarare, na mifupi juu ya majabali.

#13 Fundi_wa_Luthuli
Mzee ameeleza urefu, mimi nataka kueleza taa yenyewe, maana hapo ndipo pana akili ya kustaajabisha. Nina duka la vifaa vya umeme Luthuli Avenue na lenzi ni ugonjwa wangu.

Zamani walikoka kuni au makaa juu ya mnara, baadaye taa za utambi zenye vioo vya kuakisi nyuma yake. Mwanga mwingi ulipotea angani na chini. Mfaransa Augustin Fresnel akafikiri hivi: lenzi nene ya kukusanya mwanga wote ingekuwa na uzito usiobebeka, na unene wa kioo ungemeza mwanga. Lakini kinachopinda mwanga ni uso wa lenzi, si unene wake. Basi akaondoa kioo cha katikati, akabakisha nyuso tu, akazipanga kama pete za prizimu moja nje ya nyingine. Ya kwanza iliwashwa mwaka 1823 kwenye mnara wa Cordouan, Ufaransa. Alifariki 1827 akiwa na miaka 39 tu. Lenzi za daraja la kwanza ni kubwa kuliko mtu, unaweza kusimama ndani yake: kutoka mwali mpaka kioo ni milimita 920.

Lenzi ya kuzunguka ina paneli. Kila paneli ikikupitia unaona mmweko mmoja. Idadi ya paneli na kasi ya kuzunguka ndiyo jina la mnara: huu unamweka mara mbili kisha unanyamaza, ule mara moja kila baada ya sekunde kadhaa. Nahodha anahesabu, anafungua kitabu cha taa, anajua yuko wapi. Mashine ya kuzungusha ilikuwa ya uzito unaoshuka kwa kamba ndani ya mnara, na mlinzi alikuwa akiupandisha tena kwa mkono usiku kucha. Kuanzia mwaka 1890 Mfaransa mwingine, Bourdelles, akaiweka lenzi ielee kwenye beseni la zebaki. Kioo cha tani kadhaa kikawa kinaelea, unakisukuma kwa kidole.

Na mwali wenyewe: tangu mwanzo wa karne ya 20 minara mingi ilichoma mvuke wa mafuta ya taa ndani ya utambi wa chandarua. Mliokua kabla ya stima mnakijua. Ni karabai.

#14 Kondele_Finest
Karabai! Kwetu ziwani ndiyo inayovua omena. Usiku wa giza ukisimama Dunga unaona ziwa zima limejaa taa, unadhani ni mji. Siku hizi wengi wamehamia betri na sola. Marehemu baba alikuwa anasema wavuvi wakirudi usiku walikuwa wanatazama moto wa jikoni kwa mtu fulani aliyekuwa akikaanga samaki mpaka usiku wa manane. Samahani kwa kuleta maji matamu kwenye uzi wa maji ya chumvi.

#15 Ngara_Kijiweni
Karibu sana Kondele, na moto huo wa jikoni naushika, nitaurudia. Fundi, hiyo zebaki haikuwaua walinzi? Nimesoma kwamba walinzi wa minara walikuwa wanarukwa na akili.

#16 Fundi_wa_Luthuli
Wapo wanaosema ni mvuke wa zebaki, na mvuke huo kweli unadhuru ubongo. Waliokuwa wakiichuja na kuisafisha ndani ya chumba kidogo kisicho na hewa walikuwa hatarini. Lakini habari za walinzi kuchanganyikiwa ni za zamani kuliko zebaki.

#17 Bint_Mvita
Kumweka mtu juu ya mwamba miezi, hana wa kusema naye, analala vipande vipande kwa sababu ya kupandisha uzito usiku, kisha tunatafuta sumu ya kumlaumu? Upweke unatosha.

#18 Mzee_wa_Gati
Na homa ya malaria kwa upande wetu. Visiwa vile vina mbu.

#19 Fundi_wa_Luthuli
Chumbe walitatua jambo hilo kwa njia nyingine. Mnara ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, na mwaka 1926 ukawekewa mfumo wa gesi wa AGA, kampuni ya Uswidi ya Gustaf Dalén. Gesi ni asetilini. Asetilini ukiibana peke yake ndani ya mtungi hulipuka, kwa hiyo Dalén aliujaza mtungi kitu chenye vinyweleo kilicholowa asetoni, gesi ikayeyukia humo na kutulia. Kisha, mwaka 1907, akabuni kitu ninachokipenda kuliko vyote: vali ya jua. Kuna fimbo nyeusi katikati, na fimbo zilizong'arishwa kandokando. Alfajiri fimbo nyeusi inameza mwanga, inapata joto, inarefuka kidogo kuliko zile nyingine, inafunga gesi. Jioni inapoa, inajikunja, gesi inafunguka, mwali mdogo wa akiba unaiwasha. Hakuna umeme wala saa wala mtu. Mawingu mazito yakitanda mchana, inajiwasha yenyewe.

Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Mwaka huo huo mlipuko wa asetilini ulimpofusha. Aliendelea kuiongoza kampuni akiwa haoni mpaka alipofariki 1937. Mtu aliyewashia bahari za dunia nzima hakuiona tena taa yake hata moja. Jambo hili linanigusa kila nikilikumbuka.

#20 Kondele_Finest
Lala salama Dalén. Sikujua.

#21 Bint_Mvita
Turudi kwenye swali, jameni. Mmetoa majibu ya haja na ya uwezo. Hakuna aliyegusa la usalama.

Mimi nasema pwani haikuwashwa kwa makusudi. Mlango wa mwamba ni ngome. Anayeujua ni rubani wa mji, na rubani analipwa. Ukiweka taa umempa kila mtu ufunguo, akiwemo asiyekutakia mema. Tazameni 1498. Meli za Vasco da Gama zilipokuwa zikipanda kutoka kusini, São Rafael ilipanda fungu la mchanga kabla ya alfajiri pwani ya Tanga, ikaokolewa na maji yalipojaa. Walifika Mombasa hawakuthubutu kuingia ndani, na marubani waliokuwa wamewachukua njiani walijirusha majini. Walivuka kwenda India baada tu ya kupata rubani Malindi. Giza hilo lilikuwa ulinzi wetu. Siku walipopata mjuzi wa njia, mambo yaligeuka.

#22 Eastleigh_Mtaa_wa_Saba
Bint Mvita, nakuunga mkono na nina mfano wa kwetu. Ras Asir, ambayo ramani zinaiita Guardafui, ncha kabisa ya Pembe ya Afrika. Baada ya Suez meli nyingi za kwenda India na Australia zilipita pale, na nyingi zilivunjika kwa sababu ya ukungu na upepo wa kusi. Mataifa ya Ulaya yalizungumzia kujenga mnara kwa miongo, lakini taa haikuwaka mpaka 1924, Waitaliano walipoiweka. Mwaka 1930 wakasimamisha mnara wa mawe wenye umbo la fungu la fimbo na shoka, nembo ya Mafashisti. Upo hadi leo. Babu yangu alisema wazee wa pwani ile hawakuutaka, kwa sababu meli iliyovunjika ilikuwa riziki kwao, na kwa sababu walijua anayewasha taa leo kesho ataleta bendera. Bendera ilikuja.

#23 Rongai_Stage_ya_Mwisho
Hapo kuna mambo mawili tofauti lakini. Kuficha njia ni ulinzi. Kuvuna mabaki ni biashara.

#24 Eastleigh_Mtaa_wa_Saba
Kwa mtu wa rasi kavu isiyo na shamba, ulinzi na riziki ni kitu kimoja.

#25 Kitabu_na_Kahawa
Nimesoma uzi wote kwa furaha. Naomba niwape kitu kinachozivuruga nadharia karibu zote.

Katika Ghuba ya Uajemi, karibu na Abadan kwenye njia ya kuingia Basra, palikuwa na taa za baharini tangu karne ya 10. Al-Mas'udi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu wa karne hiyo, anazitaja. Mwaka 1052 msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw alipita pale akaeleza umbo lake: nguzo 4 kubwa za msaji zilizosimikwa majini, chini zimetanuka, juu zimekaribiana, juu yake kibanda cha mlinzi, na usiku taa iliyofunikwa kwa kioo upepo usiizime. Anataja kazi mbili: kuonya juu ya maji mafupi, na kuwaona maharamia mapema. Bint Mvita, zingatia hilo. Kwa watu wale mnara wa taa ulikuwa sehemu ya ulinzi, haukuwa tishio kwake.

Na al-Mas'udi huyo huyo alisafiri mpaka Qanbalu, ambayo wengi wanaamini ni Pemba, mara ya mwisho mwaka 916. Vyombo vilivyopita kando ya taa za Abadan ndivyo vilivyokuja huku. Watu wetu walizijua. Kwa hiyo ni lazima tueleze kwa nini Basra waliziona zina faida na Mombasa hawakuziona.

#26 MpwaWaNahodha
Kwa sababu pale ni matope, maji ya kahawia ya mto. Huwezi kusoma rangi hata jua likiwa utosini. Kwetu maji ni safi. Jibu liko kwenye maji.

#27 Mzee_wa_Gati
Mpwa, umesema neno zito. Ila ongeza na jambo la mafuta. Basra nyuma yake kulikuwa na Baghdad, dola ya kulipa mlinzi na mafuta mwaka mzima. Kwetu kila mji ulikuwa na mfalme wake, Mombasa na Malindi hawapatani. Nani anunue mafuta ya nazi ya kuwasha kila usiku, kumwangazia jirani anayekwenda bandari nyingine? Taa ya baharini inamfaidi kila apitaye, aliyelipa na asiyelipa. Ndiyo sababu kwingine duniani meli zikatozwa ada za taa bandarini, ili mzigo huo upate mwenyewe.

#28 Chokaa_na_Boriti
Kuhusu mafuta, palikuwa na sifa, yaani mafuta ya papa, iliyopakwa vyombo. Haikukosekana. Ila moshi na harufu yake, mlinzi angekimbia.

#29 Ngara_Kijiweni
Sasa narudi kwa Kondele na moto wake wa jikoni. Tunajuaje kwamba hapakuwa na mioto? Taa ya msikitini usiku wa Ramadhani, tanuri la chokaa linalowaka ufukweni, mke wa mvuvi anayekoka kuni mchangani. Mambo hayo hayaachi jiwe wala maandishi. Labda swali langu la kwanza linahusu mawe tu, na mioto ilikuwapo siku zote.

#30 Kitabu_na_Kahawa
Inawezekana, lakini moto usioaminika ni hatari kuliko giza. Nahodha akiona mwanga asiojua ni wa nani, ataufuata mpaka mwambani. Mnara wa taa si moto tu, ni ahadi kwamba utawaka kila usiku mahali pale pale. Bila mtu wa kulipwa, ahadi hiyo haipo. Namuunga mkono mzee kuhusu dola.

#31 Bint_Mvita
Kama ni dola, basi tueleze mnara wa Barghash. Alitawala 1870 hadi 1888, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na picha za zamani zinaonyesha mnara wa taa umesimama mbele ya jumba hilo, ukingoni mwa maji. Mbele ya jumba! Miamba ya hatari iko mbali kusini na kaskazini. Chumbe na Nungwi ndiko meli zinakovunjikia. Mimi naona ule ulikuwa mnara wa heshima, kuwaambia wageni kwamba huyu Sultani ana kila mlicho nacho.

#32 Mzee_wa_Gati
Binti yangu, meli za Unguja zilikuwa zikitia nanga pale pale mbele ya mji. Taa ya nangani ina kazi yake. Anayetoka mlango wa kusini usiku anahitaji kitu cha kuelekea.

#33 Bint_Mvita
Nakubali ina kazi, mzee wangu. Nasema aliyechagua mahali alichagua kwa macho mawili.

#34 Fundi_wa_Luthuli
Na ulikufa kwa mizinga. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipoupiga mji chini ya saa moja, mnara uliharibika, ukabomolewa. Mwaka uliofuata Beit al-Ajaib likajengewa mnara wa saa usoni. Na sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020. Taa ikaondoka, saa ikaja, jumba nalo likaanguka. Wanaolikarabati nawaombea mafundi wenye subira na chokaa halisi, si saruji.

#35 Chokaa_na_Boriti
Saruji ndiyo adui, asante kwa kulisema. Matumbawe yanahitaji kupumua. Chokaa huachia unyevu utoke, saruji huufungia ndani, chumvi inajikusanya nyuma yake na plasta inabanduka na jiwe. Nimeona kuta za zamani zilizokarabatiwa hivyo, zinaoza kutoka ndani. Minara ya taa ya mawe ina balaa hilo maradufu kwa sababu ya rasharasha za mawimbi.

#36 Eastleigh_Mtaa_wa_Saba
Ndiyo maana Kigomasha, kaskazini ya Pemba, wakasimamisha wa chuma?

#37 Mzee_wa_Gati
Chuma kililetwa kimekatwa vipande tayari, kikaunganishwa kwa boliti pale pale. Kwa kisiwa kisicho na mafundi wa mawe wa kutosha wala gati, ni wepesi. Ila chuma nacho kinadai rangi bila kukoma, ukiiacha misimu michache kutu inaingia kwenye maungio. Hakuna kitu cha bure baharini.

#38 Kitabu_na_Kahawa
Kuna njia moja ya kupima hoja za Chokaa na Mpwa. Kapteni Owen wa meli ya Waingereza HMS Leven alipima pwani hii na kuichora ramani miaka ya 1820, kabla ya taa hata moja kuwekwa. Jina la meli yake limebaki kwenye mwamba wa Leven pale Mombasa na kwenye ngazi za Leven, Mji wa Kale. Mpimaji wa wakati ule alichora kila kitu kinachoonekana kutoka baharini: mti mkubwa, kaburi, msikiti, kilima. Tukiona alichokiandika kando ya Mbaraki na Shela, tutajua alama za mchana zilikuwa ngapi na ziko wapi. Kuna anayejua nakala za ramani hizo zinapatikana wapi hapa Nairobi?

#39 Rongai_Stage_ya_Mwisho
Nitakuwa mjini Alhamisi, nitapita kwenye Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue niulize. Chokaa, kama una muda twende pamoja, wewe ndiye unayejua kusoma michoro.

#40 Chokaa_na_Boriti
Twende. Kabla ya saa nne asubuhi, nina darasa mchana. Mpwa, niandikie majina ambayo ami yako aliyatumia kwa zile alama za Shela, nione kama yamo.

#41 MpwaWaNahodha
Nampigia simu leo jioni. Ana alama za njia nzima mpaka Kilifi, nami nitaziandika zote hapa kama atakavyozitaja.